Onyesha kwa Kidole Kimoja

Telela, Lira
14 Machi 1993

Mdogo wangu Jasper,

Nakusalimu kutoka hapa nyumbani, na wote waliobaki wanakusalimu, hata ng'ombe wawili na yule mbwa Wanen, ambaye sasa amezeeka na anabweka akiwa amelala. Mvua ilishuka Jumatano. Nimepanda wimbi hadi pale marehemu Ogwal alipokuwa akipenda kuegesha baiskeli yake. Mume wangu ana miaka miwili kaburini, lakini nikifika pale na jembe bado napita kando, kana kwamba baiskeli ipo. Shuleni nina watoto themanini na wanne wa darasa la pili, na wote wana mafua.

Binti yako Alobo ametimiza miaka tisa. Anajua kusoma kuliko watoto ninaowafundisha, na anajibu kuliko watu wazima. Ila mifupa inamsumbua tena. Safari hii maumivu yamehamia tumboni. Nimemfanyia yale tunayofanya siku zote: maji mengi, blanketi, chupa ya maji ya moto, kidonge cha maumivu. Unamjua mtoto wa selimundu. Leo goti, kesho mgongo, keshokutwa tumbo. Macho nayo ni ya njano, lakini macho yake yaliwahi lini kuwa meupe?

Kinachonichosha ni chakula. Kila Jumamosi nasaga odii, rojo nzito ya ufuta mwingi kuliko karanga, na nikipika mboga natia odii hiyo na mafuta ya mbegu za mti tunaouita yao juu yake ili apate nguvu. Ananusa tu, anasema ameshiba.

"Umeshiba nini na hujala?"

"Nimeshiba macho, Shangazi."

Mdomo huo ameurithi kwako. Marehemu kaka yake Omara, naye wa selimundu, hakuwa hivyo. Kila nilipokutumia mkebe wa odii kwa basi kwa ajili yake, uliurudisha mtupu, umeoshwa, na neno moja ndani: "Amemaliza." Ninayo bado mikebe ile. Nimeweka mbegu ndani.

Njoo umwone binti yako. Hujafika hapa tangu tulipomzika kaka yake, na huu ni mwaka wa tatu.

Dada yako,
Filda Abeja


Kambi ya kiwanda cha sukari, Busoga
2 Mei 1993

Dada Filda,

Barua yako imefika baada ya wiki tano, imelowa pembeni. Nashukuru kusikia mvua imenyesha. Huku miwa inavunwa na boila haizimwi, na mimi ndiye ninayeilisha. Mugoya, Msoga ninayeishi naye chumba kimoja, anakusalimu ingawa hakujui. Anasema ukiandika tena uandike kwa Kisoga ili naye asome.

Nimempa dereva wa basi la Lira sweta ya Alobo, ya bluu. Asipatwe na baridi. Anywe maji.

Kuhusu kula: kama hataki odii, usimlazimishe. Naomba hilo tu.

Likizo sijapata.

Jasper


Telela
20 Juni 1993

Mdogo wangu,

Kwanza sweta. Imefika na ni nzuri, ila mikono inaishia karibu na viwiko. Alobo aliivaa, akajitazama, akasema, "Baba ameninunulia nikiwa na miaka sita." Anaivaa hivyo hivyo.

Mama mzee Akulu, jirani yetu, amevunjika jino akila mbaazi na ametangaza kwamba mbaazi hizo alirogewa. Shule imepata madawati sita. Hizo ndizo habari za kawaida.

Sasa jambo lenyewe. Uliponiambia nisimlazimishe kula odii, sitakuficha, niliudhika. Nikasema moyoni, mwanamume akae mbali miaka mitatu, kisha anifundishe kumlisha mtoto niliyembeba mgongoni tangu mama yake alipofariki? Nikaendelea kusaga. Nikaona sahani ya mtoto inarudi safi, nikafurahi. Baada ya wiki mbili nikaona pia kwamba Wanen ananenepa. Mbwa mzee asiye na meno, Jasper, anang'aa kama ndama!

Nilimvizia Alobo nyuma ya ghala, nikamkuta anamlisha mbwa kwa mkono. Nilimkemea. Nikampakulia sahani nyingine, nikakaa naye mpaka akaimaliza. Jioni ile ile akajikunja kama kiwavi aliyeguswa. Akatapika. Hakulia, alikuwa anahesabu kwa sauti, moja mpaka mia, kisha anaanza tena. Asubuhi nikampakia kwenye baiskeli ya Ogwal, nikaisukuma mpaka hospitali ya misheni.

Daktari ni mwanamke wa Kiacholi, anaitwa Lamwaka, mfupi, mkavu wa maneno. Kabla hajauliza chochote nikamwambia, "Ni mifupa, daktari. Huyu ni wa selimundu."

"Mama, namwuliza yeye. Binti, unaumwa wapi?"

"Hapa kote," Alobo akasema, akizungusha mkono.

"Hapana. Onyesha kwa kidole kimoja. Kimoja tu."

Alobo akafikiri. Akaweka kidole chini ya mbavu za kulia. "Hapa. Halafu kunapanda mpaka begani. Kunakuja nikila odii."

"Ulimwambia shangazi yako?"

"Nilimwambia mbwa."

Daktari alicheka. Mimi sikuweza.

Wakampaka mafuta ya baridi tumboni, wakapitisha kitu kama pasi ndogo, na kwenye kioo nikaonyeshwa mawe. Mawe, Jasper, ndani ya mtoto wetu, kwenye kifuko cha nyongo, yamelaliana kama mayai ya mjusi. Nikasema nilidhani mawe ya nyongo ni ugonjwa wa mama wanene wa mjini. Daktari akasema watoto wa selimundu wanayapata sana, na wengi hawajulikani, kwa kuwa kila wakiumwa tunasema mifupa. Damu yao inavunjika upesi mno. Ile rangi ya njano inayobaki ndiyo inayoganda kidogo kidogo. Nilimwuliza kama ni odii yangu iliyoyaleta. Akasema hapana, mawe yanatoka kwenye damu. Mafuta yanaamsha kifuko tu, nacho kinajikamua juu ya mawe yale.

Anataka kukitoa kifuko kabla jiwe moja halijatoka na kuziba njia. Likiziba, nyongo inarudi nyuma, homa inapanda, na hapo, alisema, "tutakuwa tunakimbia badala ya kutembea." Anahitaji mambo mawili: chupa mbili za damu ya kumwongezea kabla ya kumpasua, na saini ya baba. Karatasi nimeiambatanisha. Niliomba nisaini mimi. Lakini watu wa ukoo wamesema mtoto ni wa baba yake, na baba yake yu hai.

Nangoja. Kwa sasa anakula mboga ya kuchemshwa na chumvi, ugali na matunda, kama daktari alivyoagiza.

Filda


Telela
1 Agosti 1993

Jasper,

Sijui kama barua ya Juni ilikufika. Sijaona jibu. Tulivuna wimbi, ni haba lakini ni safi. Nyumba ya jiko imeezuliwa na upepo upande mmoja.

Tangu Juni maumivu yamemjia mara nne. Ya mwisho yalikuja bila mafuta yoyote, baada ya yai moja tu aliloliiba mwenyewe. Niliposikia anahesabu nilijua. Alifika mia mara kumi na saba. Mimi nilikuwa nahesabu mia zake.

Hapa habari haifichiki. Akulu alikuja na pengo lake, akasema, "Nimesikia mnataka kumtoa mtoto nyongo. Mtu asiye na nyongo ni mtamu. Fisi watamgombea!"

Alobo akamwambia, "Basi wewe watakukimbia, bibi."

Akulu alicheka mpaka akakaa chini. Lakini mtoto, baada ya mgeni kuondoka, aliniuliza nyongo ni kitu gani. Jumapili nilichinja kuku, nikamwonyesha kile kifuko cha kijani, namna ninavyokikata polepole kisipasuke. Akakiangalia muda mrefu. Akasema, "Kumbe ni kidogo hivi." Kisha akasema, "Kuku anaweza kuishi bila hiki?" Nikamwambia daktari anasema mtu anaweza. Akasema, "Sikuuliza mtu, kwa sababu mtu nitajua mwenyewe."

Tafadhali andika, hata mstari mmoja.

Filda


Busoga
22 Agosti 1993

Dada Filda,

Barua zote mbili nilizipata. Natumaini jiko limeezekwa.

Msimkate. Omara aliingia hospitali ya huku Jumanne akitembea kwa miguu yake, akiwa amebeba daftari lake la hesabu ili asikose somo. Ijumaa nilimpandisha kwenye lori kumleta nyumbani, na wewe ulimpokea. Huyu mmoja aliyebaki sitaandika jina langu chini ya karatasi ya kumpasua. Apewe dawa. Asile mafuta. Watu wanaishi na mambo mengi ndani yao.

Usiniulize zaidi ya hapo.

Jasper


Telela
12 Septemba 1993

Mdogo wangu,

Jiko limeezekwa. Akulu alileta nyasi, na akaleta pia maneno, lakini nyasi zilikuwa nyingi kuliko maneno, kwa hiyo nashukuru.

Umeniambia nisiulize, na miaka mitatu sikuuliza. Ulipofika na lori siku ile ulishuka, ukanikabidhi daftari la hesabu kabla ya kitu kingine, ukaenda kuchimba kaburi na wengine ingawa walikukataza. Usiku wa nne ulikuwa umeondoka. Nilijiambia, ataniambia akiwa tayari. Sasa sina muda wa kungoja uwe tayari, kwa sababu mtoto anahesabu.

Kwa hiyo nitaanza mimi kusema nisilotaka kusema.

Niliandika kwamba siku ile nyuma ya ghala nilimkemea Alobo. Sikumkemea tu. Nilimpiga kofi. Mimi ambaye katika miaka ishirini ya darasa la pili sikuwahi kuinua mkono. Nilimpiga kwa sababu alikuwa anakataa kitu kinachomuumiza, na nikamketisha akile chote. Na yeye alikila akinitazama. Daktari alipomwambia aonyeshe kwa kidole, nilitaka ardhi inimeze, maana ni maneno manne tu, na mimi ni mwalimu, na sikuwahi kumwambia.

Kuna jingine. Wiki iliyopita nilirudi hospitali kujitolea damu, nikidhani kama saini ni yako, basi damu iwe yangu. Walichukua tone, wakalipima, wakaniambia asante mama, haifai kwa mtoto kama huyu. Nina nusu ya ugonjwa wenyewe. Nimeishi miaka arobaini na saba nikiwa nao na sikuwahi kuumwa zaidi ya meno! Daktari Lamwaka alisema huku kwetu, ukiwasimamisha watu kumi, wawili wanao hivyo hivyo, na si kosa la mtu. Tumezaliwa nao kama tulivyozaliwa na masikio haya makubwa ya baba yetu. Mwanzoni nilicheka. Nikiwa njiani nikisukuma baiskeli, nikalia kidogo. Kisha nikakukumbuka wewe, baba yao, ambaye lazima unayo damu hii hii, nikasimama.

Jasper, Omara alikuwaje siku za mwisho? Alikuwa anakula?

Filda


Busoga
30 Oktoba 1993

Dada yangu,

Nimeandika barua hii mara nyingi na kuitia kwenye boila. Mugoya amesema nikichoma karatasi nyingine atanishtaki kwa kupoteza kuni za kampuni.

Hakuwa anakula. Mikebe yako ilikuwa inarudi mitupu kwa sababu mimi nilikuwa nayaamini macho yangu. Sahani ilikuwa safi, nikaandika "Amemaliza". Baada ya mazishi nilirudi huku, nikainua godoro lake ili nilitoe nje. Chini yake kulikuwa na vifurushi vidogo vya karatasi za daftari, vimekunjwa vizuri kama alivyokunja kila kitu. Ndani ni odii, imekauka. Vifurushi ishirini na sita. Sikuelewa. Nilidhani alikuwa na huzuni, au aliona aibu kuniambia haipendi, kwa sababu ilitoka kwako. Nilijiambia, hili Filda hatalijua mpaka nife. Ndiyo maana nilikaa mbali, maana ungeniuliza hivyo hivyo ulivyouliza, nami sijui kukudanganya uso kwa uso. Barua yako ya Juni, ile ya sahani ya Alobo, niliisoma nikiwa nimesimama na nikakaa chini kwenye makaa.

Sasa nimeelewa: naye alikuwa na mawe, na odii ilikuwa inamuumiza. Daktari wako amesema mawe hayaletwi na odii. Naandika hapa ili usome kwa mwandiko wangu: hukumuua. Ulimpa kilicho bora nyumbani. Hakuna aliyemwambia aonyeshe kwa kidole. Alisema tumbo, mimi nikasema mifupa, nao hospitalini wakaandika mifupa. Siku ya tatu macho yalikuwa kama kiini cha yai na homa ilikuwa inamtikisa kitanda.

Nao walitaka damu. Nilikunja shati kabla hawajamaliza kusema. Walipima, wakarudi, na kijana mmoja wa maabara akaniambia mbele ya watu, "Mzee, yako ndiyo hiyo hiyo iliyomharibu." Labda hakuwa na nia mbaya. Nilikimbia kambini kutafuta mtu. Mugoya alikuwa anaoga, alikuja na povu masikioni. Tulipofika walikuwa wameshamfunika.

Hilo ndilo nimelibeba. Uliponiandikia kwamba yako nayo wameikataa, na kwamba ulicheka, nilisoma mstari ule mpaka nikaujua kwa moyo. Masikio ya baba. Na mimi nimecheka, Filda. Ni mara ya kwanza.

Karatasi iko ndani ya barua hii, nimeisaini. Waambie saini ni yangu hata kama haifanani. Siamini hospitali zaidi ya nilivyokuwa siziamini. Ila naogopa zaidi godoro jingine.

Mugoya anakuja kutoa damu. Wamempima huku, yake haina doa, na kundi lake linamfaa mtu yeyote. Amesema mara ya kwanza alichelewa, na deni hilo linamwasha. Mimi sitakuja. Nisamehe. Nikiliona shuka jeupe sijui nitafanya nini.

Barua hii anakuletea yeye mkononi, isilowe.

Jasper


Telela
5 Desemba 1993

Mdogo wangu Jasper,

Nakuandikia nikiwa nimekaa nje ya jiko, asubuhi, ufuta umeanikwa mbele yangu kwenye mkeka, na kuku wananipima akili. Sisi wazima. Nimelitanguliza neno hilo ili usome yaliyobaki ukiwa umekaa vizuri.

Mugoya alifika tarehe kumi na tano Novemba na mkungu wa ndizi begani, kana kwamba anakuja kuposa. Hospitalini wakamlaza, wakachukua damu, akanyanyuka akauliza chakula kiko wapi. Nikampa ugali wa wimbi. Alitafuna muda mrefu, akasema, "Mama, nyinyi watu wa kaskazini mnakula kokoto za barabara." Alobo alicheka mpaka akajishika ubavu. Akamwuliza kama damu ikishaingia ataanza kusema Kisoga. "Hapana," akasema, "ila utaanza kudai ndizi."

Chupa ya pili tulikosa. Wanaume watatu wa ukoo waliahidi, na siku yenyewe mmoja alikuwa na jino, mwingine na msiba, wa tatu sijui alikuwa na nini. Aliyekuja, Jasper, ni binti mkubwa wa Akulu, ametumwa na mama yake. Mama alituma na ujumbe: "Waambie hata fisi wana haya."

Walimwongezea damu siku mbili. Tarehe kumi na saba asubuhi walimchukua. Daktari alisisitiza asipate baridi kabisa, watoto hawa baridi inawaangusha, kwa hiyo Alobo alisukumwa hadi mlango wa chumba cha upasuaji akiwa amevaa sweta yako ya miaka sita, na blanketi juu. Mlangoni wakamvua, wakanipa mimi. Niliishika kwa muda wote. Sikuomba vizuri, nilikuwa nahesabu tu. Nikifika mia naanza tena. Nilielewa kwa nini anafanya hivyo. Inakupa mahali pa kusimama.

Nilipofika mia mara thelathini na moja Daktari Lamwaka alitoka, akaniuliza kama ninayo chupa ya dawa iliyo tupu.

Mawe ni kumi na moja. Ni meusi, Jasper, meusi kabisa, mengine kama mbegu za papai, moja kubwa kama mbaazi. Nilidhani yatakuwa ya njano. Niliyashika mkononi, ni mepesi sana. Daktari alisema lile kubwa lilikuwa limeshafika mlangoni. Sikumwuliza maana ya hilo. Naona unaijua.

Siku ya tatu alipata homa na kifua kikabana. Sikukuandikia wakati ule kwa sababu sikuweza kushika kalamu. Walimpa hewa na dawa, wakamketisha, wakamlazimisha kupuliza puto la glavu mara kumi kila saa. Akapona kwa hasira, nadhani. Tulirudi nyumbani siku ya kumi na mbili, mimi nasukuma, yeye amekaa kwenye mto, ananiambia mashimo yako wapi.

Damu yake bado ni ile ile. Daktari amesema mifupa itamuuma tena, na tusijidanganye. Lakini safari hii tukisikia tumbo tutauliza kidole.

Jumamosi iliyopita nilisaga ufuta kwa ajili ya kuuza tu. Nilikuwa nimeapa sitampa tena. Alobo akaja, akasimama, akasema, "Shangazi, daktari alisema naweza."

"Alisema kidogo kidogo."

"Basi nipe kidogo kidogo."

Nilimpa kijiko kimoja juu ya kiazi. Akala. Wanen alikuja akakaa karibu kama zamani, hakupata kitu. Kisha tulikaa kwenye mkeka, mimi na yeye, tukingoja. Sikuweza kufanya kazi yoyote. Alikuwa ameweka kidole pale pale, chini ya mbavu, juu ya mshono. Jua likahama kutoka mti mpaka ukuta. Kuku wakaanza kurudi bandani. Akasema, "Hayajaja." Nikamwambia tungoje kidogo. Tukangoja. Akasema tena, "Shangazi, hayaji." Halafu akaomba kijiko cha pili.

Nililia, na kilio kile nusu yake kilikuwa cha Omara. Vifurushi ishirini na sita. Asante kwa kuniambia. Ningependa kukuambia kwamba hatia imeniondokea, lakini najua nikisaga ufuta nitaviona mpaka nizeeke. Ila sasa tunaviona wawili. Nimetoa mbegu kwenye mkebe mmoja, nikauosha. Lile daftari la hesabu nimeliweka ndani lisiliwe na mchwa.

Sasa jambo la mwisho. Mugoya ni mtu mwema lakini hajui kuficha. Nilipomwuliza amelala wapi usiku wa kwanza alisema, "Tulilala kwenye banda la wapishi la hospitali." Nikamwuliza, "Wewe na nani?" Akaangalia ndizi zake. Sikumsumbua. Lakini Alobo amenipokonya kalamu, anasema yaliyobaki ni yake.

Dada yako,
Filda

*Baba. Hapa ni Alobo. Nilikuona. Siku ya kwanza nilikuwa dirishani na damu ya Mugoya mkononi na wewe ulikuwa nje ya geti, umekaa chini na mgongo umeegemea ukuta. Siku ya kupasuliwa ulikuwa pale pale. Nilidhani na wewe unaumwa, sikumwambia Shangazi kwa sababu alikuwa ananihesabia. Mimi sasa sijambo. Mawe yako kwenye chupa, nimekubakizia lile kubwa. Sweta ni ndogo. Ukija tena usikae nje, ingia, halafu utanionyesha kwa kidole kimoja panapokuuma.*